Uzi Mwekundu Ndani ya Ukosi

Mke wa mwanangu mkubwa amesoma mpaka vitabu vimeanza kumkimbia. Mimi nilidhani mtu akishapata mume, kazi ya maabara na chumba chenye dirisha pande mbili, anatulia. Yeye wapi. Akaenda kujiandikisha kusoma kinga ya mwili, shahada ya uzamivu, ile ya juu kabisa ambayo ukiimaliza watu wanakuita daktari hata kama hujawahi kumshika mgonjwa paji la uso. Tangu siku hiyo nyumba yetu haikukaa kimya. Seli asubuhi, seli mchana, seli juu ya mboga. Ukikohoa hakupi pole. Anakuuliza kohozi lina rangi gani, na macho yanamng'aa kama mtu aliyeletewa zawadi.

Nampenda, nisiseme uongo. Lakini mimi mdomo wangu ni mkali, watoto wangu wanajua, majirani wanajua, na yeye alijua wiki ile ile aliyohamia hapa, alipoisugua sufuria yangu kwa waya. Kwa hiyo haya nayasimulia kwa mdomo wangu huo huo, na asiyeupenda azibe masikio.

Mimi ni fundi cherehani. Tuseme nilikuwa. Magauni ya maharusi wa mtaa huu, mengi yamepita mikononi mwangu, na hakuna bibi harusi aliyewahi kupasuka mshono mbele ya watu. Halafu vidole vikaanza kukakamaa. Asubuhi vinaamka vimejikunja kama miguu ya kuku, mpaka nivitie kwenye maji ya moto ndipo vinikubalie kushika kikombe. Nikasema ni baridi yabisi, nitavaa soksi za mikono, yataisha.

Mkwe wangu akaniketisha jikoni akaniambia, "Mama, hiyo siyo baridi. Ni askari wako mwenyewe."

"Askari gani?"

"Wa kwenye damu. Wale wanaokulinda na vijidudu. Wamegeuka, wanapiga viungo vyako. Wanadhani ni adui."

"Wamelewa?"

"Hawajalewa, Mama. Wamekosea mtu."

Nilikasirika, nakwambia. Miaka yote hii nawalisha, nawanywesha, nawalaza mapema, halafu wanipige mimi mwenye nyumba. Nikamuuliza kama hawana mkubwa wao wa kuwakemea. Hapo ndipo nilipochokoza nyuki, maana huo ndio ulikuwa utafiti wake. Akaniambia kuna seli nyingine, anaziita seli tulizi, ambazo kazi yao ni kuwafuata askari na kuwaambia waweke silaha chini. Yeye anachukua damu ya watu wanaoumwa kama mimi, na damu ya watu wazima wa afya, anazilinganisha aone hizo tulizi zimekwama wapi. Alinieleza huku anamenya viazi, na alipomaliza viazi vyote vilikuwa vimemenywa mpaka vimebaki saizi ya karanga. Hakuona. Mimi niliona, lakini kwa mara ya kwanza maishani nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeelewa kila neno.

Ndiyo maana nilishindwa kuamini nilipoambiwa kuwa mbele ya maprofesa huwa hawezi kusema.

Ilikuwa hivi. Ukimaliza kuandika tasnifu yako lazima uitetee. Unasimama mbele ya wasomi watatu, wanakuuliza maswali, unajibu kwa mdomo wako. Mara ya kwanza alipoitwa, aliganda. Mwanangu alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Anasema mkewe aligeukia ukutani, akasoma maandishi ya kwenye picha zilizomulikwa hapo neno kwa neno kama mtu anayesoma bei za dukani, na alipoulizwa swali akasoma tena yale yale. Wakamrudisha. Msimamizi wake, mzee mpole anayetembea na mwavuli hata jua likiwaka, akamwambia chuo kinampa nafasi moja tu nyingine. Akishindwa hapo, hakuna cheti, na ile kliniki mpya ya wagonjwa wa aina yangu, ambayo kiti chake kilikuwa kinamsubiri, itampa mtu mwingine. Miaka yote iende na maji kwa sababu ya ulimi kukauka.

Nafasi hiyo ya pili ilipangwa Jumatano. Jumapili kabla yake alikuwa anazunguka sebuleni na makaratasi, anajisemea, anasahau, anaanza upya. Mwanangu, ambaye ni fundi friji na hajui kumfariji mtu zaidi ya kumletea maji baridi, alikuwa amemletea maji baridi mpaka basi. Mdogo wake, tunamwita Kifaru kwa sababu ya mwili na kwa sababu hajawahi kupita mlangoni bila kugonga kitu, alikuwa amelala kwenye kochi anacheka peke yake na simu.

Nikamwambia, "Wewe mtoto, weka hayo makaratasi. Unavyonieleza jikoni unaeleza vipi?"

"Jikoni ni jikoni, Mama."

"Kwa nini jikoni unaweza?"

Akafikiri. "Kwa sababu kuna vitu vya kushika. Na kuna wewe, unabisha."

Basi nikasema tutafanya jikoni sebuleni. Kifaru, inuka. Mwanangu, weka hiyo chupa ya maji chini. Leo nyumba hii ni mwili wa mtu.

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo la nguo, la sivyo mtabaki kunikodolea macho. Jengo letu lina wapangaji wengi na kamba za kuanikia ziko juu ya paa, za wote. Upepo ukivuma, nguo zinatembeleana. Shati la huyu unalikuta kwenye beseni la yule, na yule anaapa amelinunua. Tangu watoto wangu wakiwa wadogo, kila nguo ya nyumba hii naitia mshono mmoja wa uzi mwekundu ndani ya ukosi, na kwenye suruali ndani ya kiuno. Kidogo tu, hauonekani. Mtu akibishana na mimi juu ya shati sipigi kelele. Nageuza ukosi. Yamekwisha. Paa zima linaujua uzi wangu.

Mkwe wangu alipokuja kuolewa akasikia habari hiyo, aliruka. "Mama, mwili unafanya hivyo hivyo. Kila seli yako imevaa alama nje, na askari anapita anazipapasa moja moja. Akikuta alama ya nyumbani anaendelea na safari. Akikuta ngeni, anashambulia."

Kwa hiyo Jumapili ile tuligawana kazi. Kifaru akawa askari, nani mwingine. Mwanangu akawa kiungo, akakaa kwenye kochi amekunja mikono, kazi anayoiweza vizuri. Mimi kwanza nilikuwa tezi, maana askari hawaingii kazini hivi hivi. Wanapitia shule, kuna tezi nyuma ya mfupa wa kifua, huko wanajaribiwa kama wanamtambua mwenye nyumba. Nikakaa mlangoni na rundo la nguo mapajani. Nikamwonyesha Kifaru shati.

Akalinyakua akalikunjakunja.

"Hilo ni lako," nikamwambia.

"Sikugeuza ukosi."

"Seli kama hiyo," mkwe wangu akasema, na sauti ilikuwa imeanza kumchangamka, "inauawa palepale. Haitoki nje ya tezi."

"Shemeji, nipe hata supu, nirudie mtihani."

"Hakuna kurudia, Kifaru. Nyingi zinafeli. Zinazofaulu ni chache sana."

"Kama darasani kwenu," nikasema, na mwanangu mkubwa akaacha kuwa kiungo akacheka mpaka mto ukaanguka.

Tulimfufua Kifaru, tukamjaribu tena, akafaulu kwa taabu. Nami nikapandishwa cheo, nikawa seli tulizi. Kazi yangu ilikuwa moja. Askari akimkamata mtu wa nyumbani kwa makosa, mimi niseme maneno manne: Mwache, huyo ni wetu. Mkwe wangu alinifundisha na mkono juu, kama mwalimu wa kwaya.

Tukiwa katika hali hiyo, jirani wa mlango wa pili akaingia bila hodi, kama kawaida yake, kuazima vibanio vya nguo. Kifaru akamrukia, akageuza ukosi, hakuna uzi, akamwinua juu na kandambili zake zikabaki sakafuni. Jirani alipiga yowe lililosikika hadi kwenye paa. Alipoelezwa kuwa yeye ni kijidudu na hapa ni ndani ya mwili wa mtu, akafikiri kidogo, akauliza kama anaruhusiwa kurudi kuingia tena. Aliingia mara sijui ngapi. Kila mara akibuni namna mpya, mara anatambaa, mara amejifunika shuka, na mkwe wangu anaeleza, anaeleza, mikono inaruka, makaratasi yamesahauliwa chini ya meza. Wallahi mtoto yule alikuwa anawaka. Ningekuwa profesa ningempa cheti pale pale na chenji juu.

Sasa jirani akaingia amepiga magoti, na mkwe wangu akasogea katikati aonyeshe jambo fulani. Kifaru, ambaye damu imeshachemka, akamkosa kijidudu akamdaka shemeji yake. Akageuza ukosi wa blauzi yake, akachungulia. Akachungulia tena. Akatangaza kwa sauti ya askari kweli, "Hana uzi. Huyu siyo wa hapa." Akambeba mabegani kumpeleka mlangoni.

Tulicheka, jamani. Jirani alilala chini. Mimi mbavu zilikuwa zinavunjika, machozi yananitoka, nimeshika ukuta. Na wote wakanigeukia, kwa sababu ilikuwa zamu yangu, yale maneno manne. Nilijaribu. Mtu akicheka vile hawezi kusema. Nilifungua mdomo kikatoka kicheko tu, nikazidi kucheka.

Mkwe wangu naye alikuwa anacheka kule juu mabegani. Halafu akaacha.

"Nishushe, shemeji," akasema. Alinyoosha blauzi yake. "Kifaru hajakosea. Kweli sina uzi."

Alisema akitabasamu, kisha akaingia jikoni, na tukasikia bomba likifunguliwa maji yakitiririka muda mrefu bila chombo chochote kuoshwa. Mwanangu akanyanyuka kumfuata na chupa yake ya maji baridi. Jirani akavaa kandambili akaondoka, vibanio akavisahau.

Niwaambie ukweli ulivyo. Yeye nguo zake ni za dukani, alikuja nazo kwenye sanduku lake, anazifua mwenyewe na kuzianika dirishani kwake, hazipandi paa. Na alipokuja vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza ukorofi. Hakuna aliyeniambia mtie huyu uzi, na mimi sikufikiria. Ndivyo ilivyokuwa. Ila usiku ule chakula hakikupita vizuri, na asubuhi yake alikuwa ameyaokota makaratasi chini ya meza na anasoma tena kwa kuugeukia ukuta.

Nikaona kazi yote ya Jumapili imeharibika, na aliyeiharibu ni nani kama si mimi na kicheko changu.

Walipotoka wote kwenda kazini, niliingia chumbani kwao. Koti lake la Jumatano lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, la bluu iliyoiva, limepigwa pasi. Nikalichukua mpaka kwenye meza yangu ya dirishani, nikaloweka mikono kwenye maji ya moto, nikatoa kibweta. Uzi mwekundu ulikuwepo. Sindano ilikuwepo. Tundu la sindano ndilo lililokuwa limehama. Kila nikilifuata, linakwenda kushoto. Mimi ambaye nilikuwa natunga uzi huku nagombana na mteja bila hata kutazama, nilikaa pale natoa jasho kama mbeba mizigo. Jirani akaja kufuata vile vibanio, akanikuta, akasema, "Mama Kifaru, lete nikusaidie, ni dakika moja."

Nikamwambia uzi huu hautiwi na jirani. Akachukua vibanio akanuna, lakini hakuondoka. Alikaa kwenye kiti cha pili akanitazama mpaka uzi ukapita, kisha akapiga makofi.

Mshono wenyewe ulikuwa aibu tupu. Umepinda, umeshika kitambaa cha juu na cha ndani pamoja, ukosi ukavimba upande mmoja. Na fundo, kwa kuwa vidole vilikataa kulikaza, nililizungusha na kulizungusha mpaka likawa kama punje ya mchele. Kazi kama ile zamani ningemfukuza mwanafunzi. Nikakata uzi kwa meno, nikalirudisha koti mlangoni, nikajikausha.

Jumatano tukaenda wote. Chumba kilikuwa kirefu, meza ndefu, jagi la maji, viti vya nyuma vya watu kama sisi. Msimamizi na mwavuli wake alikuja kutusalimu, akatuambia kwa upole kwamba wasikilizaji hawaruhusiwi kusema chochote. Alisema "wasikilizaji" lakini alikuwa ananiangalia mimi. Mwanangu atakuwa amemnong'oneza.

Maprofesa walikuwa watatu. Mzee mmoja mwenye miwani miwili, mmoja machoni mmoja kwenye kipara. Kijana mmoja aliyekuwa anaandika kabla hata hakijasemwa kitu. Na mama mmoja wa katikati, shingo ndefu, uso haucheki hata ukiulipa. Mkwe wangu akasimama mbele yao ndani ya lile koti. Akafungua mdomo. Na nikaona kwa macho yangu kile nilichosimuliwa. Akageukia ukutani akaanza kusoma.

Alisoma kama redio iliyoishiwa betri. Kijana aliacha kuandika. Mzee akashusha miwani ya kiparani, akaipandisha tena. Mwanangu alinishika mkono ule unaouma, akaubana, na sikusema kitu maana niliona hajui anachobana.

Kisha mkwe wangu akajikuna shingo. Akasoma sentensi, akajikuna. Akageuza shingo huku, akaigeuza kule. Akasoma nusu sentensi, akapenyeza kidole ndani ya ukosi. Lile fundo. Lilikuwa linamchoma, fundo langu la punje ya mchele, mbele ya watu wakubwa namna ile, kama vile ulimi mkavu hautoshi. Nikasema moyoni, mama wewe umekwenda kummaliza mtoto wa watu kwa sindano.

Yule mama wa katikati akasema, "Unasumbuliwa na kitu?"

"Samahani," akajibu. "Kuna kitu kinanichoma." Na akavua koti, pale pale mbele yao, akageuza ukosi.

Akakiona.

Msimamizi akaanza kuufungua na kuufunga mwavuli wake. Mimi nilitazama dari. Dari lilikuwa zuri, jeupe. Niliposhusha macho, alikuwa ananitazama mimi moja kwa moja, juu ya vichwa vya watu wote, na mabega yanamtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Waheshimiwa," akasema, na hiyo ilikuwa sauti ya jikoni, naijua, "naomba niziache hizo picha. Naomba niwaonyeshe hili koti."

Akaenda mpaka mezani kwao akawawekea ukosi chini ya pua. Akawaeleza habari za paa na upepo na mashati yanayotembeleana. Akawaeleza askari anapapasa vipi alama, na anasomeshwa wapi, na wengi wanafelishwa kwa nini, na kutoka hapo akaingia ndani kabisa, kwenye majina marefu na vipimo vya mashine ambavyo mimi sikuvifuata, na wao walivifuata, maana waliinamia meza wote watatu. Akalivaa koti, akalivua, akaligeuza nje ndani. Mzee aliomba kuushika ule mshono. Kijana alikuwa anaandika mpaka kalamu inalia.

Yule mama wa katikati peke yake alikuwa bado hajalainika. Akasema, "Matokeo yako yanaonyesha kwamba kwa hawa wagonjwa seli tulizi hazikupungua. Zipo. Sasa kama zipo, kosa lao ni nini?"

Hilo ndilo swali lililomgandisha mara ya kwanza. Mwanangu aliniambia baadaye. Wakati ule mimi niliona tu kwamba amemkamata.

Mkwe wangu hakugeukia ukuta. "Zipo, na ziko pale pale kwenye kiungo kinachoumwa," akasema. "Lakini ghasia ni kubwa. Nyingine zinasema, hazisikilizwi. Na nyingine, hili ndilo tuliloliona sisi, zinachukuliwa na ghasia yenyewe. Zinaacha kazi yao zinajiunga na wenzao. Hazikuwa na nia mbaya. Zilikolea tu. Niliona mfano mzuri sana Jumapili iliyopita."

Kifaru akanipiga kiwiko. Nilijua. Msiniambie. Nilijua kabisa kwamba nasemwa mimi, mbele ya maprofesa watatu, na tasnifu nzima.

"Na zikitolewa kwenye hiyo ghasia?" akauliza yule mama.

"Tulizitoa, tukaziweka mahali patulivu, tukazipumzisha. Baadhi zilirudi kazini."

Mzee wa miwani miwili akacheka. "Ziliporudi kazini zikasema nini?"

Alikuwa anatania tu. Lakini mkwe wangu akageuka taratibu akatazama viti vya nyuma, akainua mkono wake juu, ule mkono wa mwalimu wa kwaya.

Nami nikasimama. Msimamizi alifumba macho. Mwanangu alinivuta gauni. Nikasema kwa sauti niliyopewa na Mungu, "Mwache, huyo ni wetu."

Chumba kiliangua kicheko. Yule mama wa katikati aliziba mdomo kwa faili, lakini mabega yalimsaliti. Nikaketi. Nilikuwa nimeridhika kuliko siku yoyote ya harusi niliyowahi kushona.

Tulitolewa nje, tukasimama kwenye varanda kusubiri. Mwanangu alikunywa maji yake baridi yote mwenyewe. Kisha mlango ukafunguliwa, na msimamizi akatoka bila mwavuli, na mimi nikajua, kwa sababu mtu yule hausahau mwavuli kwa jambo dogo. Akamwita mkwe wangu daktari. Kuna masahihisho kidogo, akasema, ya nukta na picha. Lakini alikuwa ameshachelewa, Kifaru amegeuza ukosi wa koti, amechungulia, ametangaza, "Ana uzi, huyu ni wa hapa," na amembeba juu juu kwenye varanda nzima, na mlinzi anawakimbilia kuwaambia hapa ni chuo, hapa siyo sokoni, na mwanangu anamkimbilia mlinzi, na mimi nyuma yao navuta miguu nacheka peke yangu mpaka watu wa ofisini wakafungua madirisha.

Nyumbani jirani alikuwa ametuandalia chai na amesimulia jengo zima kabla hatujafika. Watu waliingia na kutoka. Walipopungua, mkwe wangu akaja kukaa karibu yangu kwenye kochi, akaniwekea mkono begani. Hatukuzoea hivyo, mimi na yeye. Nikamwambia usinikumbatie, nina joto. Hakusikia. Mkono wake ulikuwa nyuma ya shingo yangu, nikahisi kidole kinageuza ukosi wa gauni langu.

"Mama, hili halina uzi."

"Hilo la zamani."

Akainuka. Akaingia chumbani kwangu, nikasikia kabati linafunguliwa, nguo zinaburutwa. Alirudi na mzigo kifuani. Magauni yangu yote. Alikuwa amegeuza kosi zote. "Hakuna hata moja," akasema. "Umetia uzi nguo za kila mtu. Zako hakuna hata moja."

"Sasa nani anitie mimi uzi?" nikamwambia. "Mwenye sindano ni mimi. Nguo zangu nazijua."

Alinitazama, na nikaona wazo linampita usoni, kama anapopata kitu kwenye darubini yake. "Ndiyo maana askari wako hawakujui," akasema.

Kifaru alicheka, mwanangu akacheka, jirani akamwaga chai. Nilicheka na mimi, maana ilichekesha. Nacheka, na machozi yananishuka, na sikuwa na uhakika yalikuwa ya nini. Nikayafuta kwa mkono wa gauni nikasema moshi wa jikoni umezidi. Hakuna aliyekuwa anapika.

Yeye alikuwa ameshakaa chini miguuni pangu na kibweta changu, ametunga uzi mwekundu mara moja tu, kama kuvuta pumzi. Mikono ile inayoshika vichupa vidogo kuliko ukucha. Akaniambia, "Nionyeshe, Mama."

Nilimwonyesha. Nilimkemea pia, nisiseme uongo, maana daktari mzima hajui kushona hata kidogo. Anachoma sindano kama anatoa damu. Vidole vyangu bado vinaamka vimejikunja, nipo kwenye orodha ya wagonjwa wake wa kwanza kliniki ikifunguliwa, na ameniambia nisitegemee miujiza. Lakini magauni yangu yote sasa yana uzi, umepinda, na mafundo yake ni makubwa kuliko langu. Hili nililovaa linanichoma shingo tangu asubuhi, na mkasi uko hapa hapa mezani. Sijalikata fundo.